Umeme wa Jumanne

Mlango umefungwa kwa ndani. Nsimire ameupiga kwa bega mpaka bega limekufa ganzi, na moshi mweusi unamtokea miguuni.

Nje, mtaa mzima wa Cimpunda, hapa Bukavu, unashangilia.

"Courant imekuyaaa!"

Nyie mliosoma wiki iliyopita mnaikumbuka kelele hiyo. Jumanne si siku ya umeme Cimpunda, hata mtoto anajua. Jumanne watu wanapika kwa makaa na simu zinalala. Lakini Jumanne hii umeme ulirudi bila kuitwa, asubuhi, wanawake wakiwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Watoto wakaruka uani. Mama mmoja akapiga vigelegele. Radio zikaanza kuimba zote pamoja.

Na ndani ya chumba cha nyuma, Yannick, mchumba wa Nsimire, alipiga kelele moja tu. Kisha akanyamaza.

Ubao wa mlango ukavunjika.

Yannick alikuwa amepiga magoti katikati ya mashini zake nne, zile alizonunua zikiwa zimekwisha kutumika nchi za mbali, mashini za kuchimba pesa ya internet. Mkono wake wa kuume ulishika kichwa cha kebo. Ulikuwa unatoa moshi. Alitaka kuachia, na mkono ulikataa.

"Yannick!"

Nsimire akanyoosha mikono amkumbatie. Mtu akamvuta kitenge kwa nyuma, akaanguka chini.

"Usimuguse!" Alikuwa Papa Bulonza, mzee mwenye kiwanja na mwenye vyumba vyote vya pale. "Courant iko mu mwili yake! Utakufa na weye!"

"Zima basi, papa! Zima!"

"Nizimie wapi? Bwana yako alifunga direct!"

Direct. Neno hilo Cimpunda hakuna asiyelijua. Kisanduku cha kukata umeme kilikuwa kinajikata kila mara mashini zilipoanza kunguruma. Yannick akakiruka, akaunganisha waya moja kwa moja. Asimcheke mtu. Nusu ya mtaa iko direct, ili mama awashe resho ya kupikia na binti apige pasi saa ile ile. Hata nyumba ya Papa Bulonza iko direct.

Nsimire akakimbia uani, akampokonya jirani mchi wa kutwangia sombe, akarudi mbio. Akaipiga ile kebo kwa nguvu zake zote. Ikaruka. Yannick akaanguka kifudifudi.

Lakini moto ulikuwa umekwisha kupanda kwenye mbao. Kebo nyingine ziliwaka kama zimepakwa petroli. Watu walimwaga mchanga, maji machafu, mpaka sufuria nzima ya sombe. Chumba cha Papa Bulonza, kilicho ukuta mmoja na chumba cha mashini, kiliungua na kitanda, na vitenge vya marehemu mke wake, na picha ya Mama Maria.

Mzee alisimama mbele ya majivu bila kofia.

"Nyamuzinda wangu, Mungu wangu," akasema. "Huyu kijana aliniapia."

* * *

Hospitali, daktari aliufunua ule mkono, akaufunika tena.

"Hauponi," akasema. "Tusipoukata leo, tutampoteza yeye mwenyewe."

Yannick alisikia. Hakulia. Kijana huyu alichimba dhahabu Kamituga toka ndevu hazijaota. Huko shimo lilimzika mdogo wake wa pekee, naye akaapa hatashuka tena ardhini. Ndipo akanunua mashini. Zikizaa matunda, angemwoa Nsimire, wahamie Luberizi, wakodi shamba la mpunga. Nsimire alikuwa anaota ile mipunga hata akifagia.

Sasa alikaa kando ya kitanda na swali moja.

"Juu ya nini ulijifungia ndani?"

Yannick akaangalia dari.

"Ninakuuliza, Yannick. Uliniambia umeangalia nsinga zote, kila waya ya mashini, ziko muzuri. Uliapa mbele ya Papa Bulonza, ukashika na rozari yake."

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Nilikosea tu, Nsi. Wacha."

"Nsinga zilikuwa mubaya, na ulijua?"

Yannick akavuta shuka kwa mkono mzima.

"Ulijua ao haukujua?"

"Nilijua," akasema.

Papa Bulonza alikuwa amesimama mlangoni na afisa wa polisi. Wote wawili walisikia. Mzee akapiga mkono mmoja juu ya mwingine.

"Unaona, afisa? Anasema kwa kinywa yake! Nilimupa chumba kama mutoto yangu, kumbe ananiwekea moto ku ukuta!"

Nsimire hakumsikia mzee. Alimwona Yannick tu, na Yannick huyo hakuwa yule aliyemjua.

"Basi ulinidanganya," akasema polepole. "Mutu mwenye kunidanganya juu ya nsinga, siku ya ndoa atanidanganya juu ya nini? Nitakuletea nguo zako. Kisha ninarudi kwa yaya Chancelle, dada yangu. Usinitafute tena."

Yannick akageuza uso ukutani.

Nsimire alishuka ngazi za hospitali huku haoni ngazi.

* * *

Chumba cha mashini kilikuwa kimelowa. Sanduku la nguo za Yannick lilikuwa zima, limesukumwa pembeni. Nsimire akalivuta, na chini yake akakuta kebo moja ambayo moto haukuifikia.

Angeweza kuiacha. Aliiokota kwa sababu ilikuwa nzuri. Kichwa chake kilikuwa cheusi, kinang'aa kama kiatu cha harusi.

Lakini upande mmoja palikuwa pamekwanguliwa na kisu. Kisu chenyewe kilikuwa pale pale sakafuni, mpini umeungua.

Nsimire akaweka ukucha wake pale penye mkwaruzo. Rangi nyeusi ikabanduka, ngozi nyembamba, ikajikunja kwenye kidole chake. Ndani, plastiki ilikuwa ya kahawia, imeyeyuka na kuvimba kama kidonda. Chuma chake kilikuwa kimezibwa na rangi.

Kebo hii iliungua zamani, kabla haijafika Bukavu. Mtu aliivisha nguo mpya.

Akainusa.

Akainusa tena. Harufu ile kali, tamu, kama ndizi iliyooza ndani ya dawa. Aliijua. Alilala nayo miaka yote ya utoto wake, kwenye blanketi moja na mtu mmoja.

"Hapana," Nsimire akasema peke yake. "Hapana, hapana, hapana."

* * *

Kibanda cha Chancelle kiko karibu na soko la Kadutu. Anasuka nywele na kupaka kucha. Toka mama yao alipokufa, vidole hivyo vya Chancelle ndivyo vilivyomlisha Nsimire, vikamvika, vikamfunga kitambaa kichwani siku ya komunyo ya kwanza.

Mteja mmoja, mama mnene, alikuwa amenyoosha mikono juu ya meza. Nsimire akaweka kichwa cha kebo katikati ya vichupa.

"Weee!" Chancelle akacheka. "Unaniletea takataka ku meza ya client?"

"Yaya, nusa."

Kicheko kikakatika.

"Nusa, yaya."

"Mie ninangoja," mteja akalalamika. "Kumebakia kidole moja."

"Enda na hizo tisa, maman," Chancelle akasema bila kumwangalia. "Utarudia kesho."

Mama akaondoka akinung'unika, vidole vimetanuka kama vya bata. Chancelle akateremsha pazia la mlango.

"Firmin aliniletea," akasema. Firmin ndiye aliyemuuzia Yannick mashini. "Vichwa vilikuwa vimeyeyuka kama mishumaa. Akasema nipake vernis yangu ya kucha tu, zionekane mupya. Akasema zinaenda Goma, kwa batu ba kule."

"Kwa batu ba Goma."

"Njo vile alisema."

"Yaya, niangalie. Ulijua ni za Yannick?"

Chancelle akachukua kifuniko cha kichupa, akajaribu kukifunga. Kikateleza. Akajaribu tena, rangi nyekundu ikamwagika mezani, wala hakuifuta.

"Nilijua."

Barabarani mtu alikuwa anauza mikate kwa sauti kubwa. Ndani ya kibanda, mtoto na mlezi wake walitazamana kama watu waliokutana mahakamani.

"Firmin alisema hazitawaka tu!" Chancelle akaanza kulia. "Vernis itaingia mu chuma, courant haitapita, mashini zitakufa, basi. Yannick angerudi ku mashimo yake, na weye ungebakia."

"Ningebakia wapi?"

"Na mie! Nilikubeba ku mugongo nikiwa mutoto, batu banafikiri nilikuzaa. Sasa unaenda kulima muchele Luberizi, kwenye joto ile, na mie nitabakia na nani? Na hizi chupa?"

"Ungeniambia, yaya."

"Ungenisikia?"

Nsimire akaangalia rangi iliyomwagika. Pengine asingemsikia.

"Leo banamukata mukono," akasema.

Chancelle akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha, kutoka nyuma ya vidole, likatoka neno ambalo Nsimire hakulitegemea.

"Alijua, Nsimire."

"Nani?"

"Yannick. Alikuya hapa jana. Nsinga moja ilipata joto, akanusa vernis yangu. Alikuwa na hasira, mie nilipiga magoti. Nilimuambia yote. Njo akaninyanyua, akaniambia, 'Yaya, usilie. Nsi asijue hata siku moja, roho yake itavunjika. Kesho ni Jumanne, hakuna courant. Nitajifungia, nitakwangua zote, kisha nitatafuta zingine. Yeye atafikiri ninasafisha tu.'"

Sasa umeelewa, msomaji, kwa nini mlango ulifungwa kwa ndani. Yannick alishika chuma kitupu kwa mkono mtupu kwa sababu ilikuwa Jumanne. Aliamini ratiba kama sisi sote tunavyoiamini. Umeme ulipokuja, mtaa ulipiga vigelegele, na mkono wake ukaungua kwa ajili ya siri ya watu wawili wasio ndugu zake.

Na Nsimire alimwambia asimtafute tena.

Alitoka nje ya pazia kama mtu anayekimbia mvua.

"Yaya, kuya! Utasema mbele ya afisa. Kuya sasa!"

Chancelle akachukua mkoba wake. Wakapanda pikipiki moja, Nsimire katikati, Chancelle nyuma. Njia nzima Chancelle aliweka paji la uso kwenye mgongo wa mdogo wake, na mgongo ukalowa. Simu ya Chancelle ililia. Alijibu kwa sauti ya chini, "Ninaenda ku hôpital," akakata.

* * *

Walikuta kitanda kimekwisha kuwekwa kwenye magurudumu, afisa na Papa Bulonza wamesimama kando.

"Mumechelewa," afisa akasema. Alikuwa anafunga kalamu yake. "Amekubali yote. Alinunua nsinga zilizoungua, akazipaka vernis yeye mwenyewe, juu muzee amuruhusu kuziweka mu parcelle, mu kiwanja yake. Akitoka kwa daktari na kupona kidogo, ataenda gereza."

"Anasema uongo!" Nsimire akashika ukingo wa kitanda. "Afisa, hakupaka! Ni Firmin alileta nsinga, na mwenye kupaka..."

Akasimama hapo. Yannick alikuwa anamwangalia, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana. Hapana, Nsi.

Dada yake alikuwa nyuma yake. Alisikia pumzi yake. Pumzi hiyo ilimlaza usingizi utoto wote.

"Mwenye kupaka nani?" afisa akauliza.

"Yaya wangu," Nsimire akasema. "Chancelle. Huyu hapa."

Neno likatoka na kitu ndani yake kikatoka nalo.

Yannick akacheka, kicheko cha mgonjwa.

"Musimusikilize, afisa. Huyu aliniacha leo asubuhi. Muulize papa. Sasa anaona mukono inaenda, anahurumia."

"Ni kweli," Papa Bulonza akasema. "Alimuacha. Nilikuwa hapa, nilisikia na masikio yangu."

Mnaona jinsi maneno yanavyorudi? Yale aliyoyasema asubuhi kwa uchungu sasa yalisimama mbele yake kama shahidi wa upande wa pili.

Afisa akamgeukia Chancelle.

"Na weye, maman? Ni kweli ao si kweli?"

Chancelle alimwangalia mdogo wake. Akaangalia kitanda, na bandeji. Midomo yake ilifunguka. Nsimire akasema kimoyomoyo, sema, yaya, sema tu, nitakuletea chakula gerezani kila siku, nitalala mlangoni, sema.

"Mudogo wangu amechoka," Chancelle akasema. "Hajakula toka asubuhi. Mie ninapakaka bamama kucha, basi. Mambo ya mashini nitayajulia wapi?"

Hakuna aliyemsukuma Nsimire, lakini alihisi kama ameangushwa.

"Yaya?"

Chancelle alikuwa amekwisha kugeuka. Visigino vyake vilisikika kwenye korido, polepole, kisha haraka.

Muuguzi akaachia breki ya kitanda.

"Tunaingia."

"Dakika moja, maman," Yannick akamwomba. "Moja tu."

Nsimire akainama mpaka uso wake ukagusa wa kwake.

"Juu ya nini, Yannick? Juu ya nini unabeba mambo haya?"

"Mie nilizika mudogo wangu Kamituga," akanong'ona. "Ninajua mutu anabakia namna gani kama hana ndugu. Sikutaka ubakie vile. Muchele batu banalima na mukono moja, sivyo?"

"Sivyo," Nsimire akasema, analia. "Mujinga weye. Mujinga wangu weye. Nisamehe."

"Basi shika huu." Alinyanyua kidogo ule wa bandeji. "Bado ni wangu."

Ncha za vidole zilikuwa zimeachwa nje. Nsimire alizishika kwa vidole vyake viwili, taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga. Zilikuwa na joto.

Hapo, chini kwenye lango, pikipiki ikanguruma.

Nsimire akainua macho kwenye dirisha la korido. Aliyekaa mbele alikuwa Firmin, miwani myeusi usoni. Chancelle alikuwa anapanda nyuma, mkoba kifuani. Yeye aliyeogopa kuachwa kuliko kifo, ndiye aliyekuwa anaondoka. Watu wawili pekee wanaoweza kumwokoa Yannick walikuwa juu ya kiti kimoja, na wakishashika barabara ya Kamituga, nani atawapata?

Angekimbia sasa hivi, angewawahi.

Vidole vya Yannick vilikuwa bado ndani ya vidole vyake.

"Nsi, umesikia pikipiki?" akauliza. Macho yake yalikuwa yamefumba. "Ilikuwa kama ya Firmin."

"Sijasikia kitu," Nsimire akamdanganya. "Lala. Niko hapa."

Alishika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguka, na muuguzi akazichomoa zile ncha mkononi mwake, moja moja. Kisha mlango ukafungwa.

Ngurumo ya pikipiki ilikuwa imekwisha kuvuka kilima.

Nsimire alibaki ameangalia kiganja chake. Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa Papa Bulonza. Yule mzee aliyepiga kelele asubuhi nzima sasa alikuwa hana sauti, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mwana wani, binti yangu," akasema, "ule bwana mwenye miwani, wa pikipiki. Njo yeye aliuzisha Yannick mashini?"

"Njo yeye, papa. Firmin. Nilisema, hamukunisikia."

Mzee akashika ukuta.

"Niliona nsinga zake. Nyeusi, zinang'aa. Nikasema mie, hizi ni nzuri." Akainua simu yake. "Alimuuzisha mutoto wangu Francine mashini mbili, Jumapili. Ziko chini ya kitanda, kule anapolaza mapacha."

"Mupigie simu! Azichomoe!"

"Ninapiga toka nilipomuona pale ku lango. Hajibu. Saa hii anakuwa ku soko, anawaacha bale batoto ndani, anafunga mulango."

Nsimire akaangalia juu. Kwenye dari ya korido, taa ilikuwa inawaka, nyeupe, imara, bila kupepesa hata kidogo.

Courant ilikuwa bado iko.